Kabla hujanunua hosi: angalia difu, sikiliza injini, hesabu lita

Wengi wanaokuja yadini kuniuliza "dada, ninunue hosi gani?", yaani kichwa cha lori kinachovuta tela, wanakuja na jibu mfukoni. Wanataka niseme Scania. Nikisema Scania wanafurahi, wananinunulia soda, halafu wanakwenda kununua Scania iliyochoka. Siku hizi nimeacha kuanza na jina la gari. Nauliza: utabeba nini, utakwenda wapi, na ikikufia Ruaha Mbuyuni saa nane usiku, nani atafika kuitengeneza na spea ataitoa wapi?

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kutoa mafuta na kuandika daftari kwenye kampuni ndogo ya malori hapa Dar es Salaam. Madereva wananiita Dada Lita, na jina hilo hawaliiti kwa mapenzi. Kila hosi ina kurasa zake: lita zilizoingia, kilomita zilizotembea, mzigo uliobebwa, na siku ilizolala gereji. Ukikaa na daftari la namna hiyo kwa miaka unaona mambo ambayo dalali hatakuonyesha. Gari mbili za kampuni moja, injini ileile, mwaka uleule, zinakwenda Tunduma mpakani na kurudi, moja inaizidi nyenzake kwa mafuta kiasi cha kulipa mshahara wa utingo. Tofauti hiyo mara nyingi haiko kwenye injini hata kidogo.

Tuanze basi na mahali ambapo wanunuzi hawaangalii.

Uzito na njia

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitekeleza 2019. Semi ya kawaida, yaani hosi na tela lake, yenye ekseli sita inaruhusiwa tani 8 mbele, 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za hosi, na 24 kwenye ekseli tatu za tela. Jumla 50. Ukitaka kufika 56, ambacho ndicho kikomo cha juu, unahitaji ekseli saba. Kutoka Dar hadi Tunduma utapimwa Vigwaza, Mikumi, Wenda, Makambako na Mpemba, kwa hiyo usijidanganye kwamba utaongeza kidogo kidogo.

Hosi na tela tupu kwa pamoja ni kama tani 15 hadi 17. Soma uzito mtupu kwenye kadi ya gari kabla ya kusifia kabati kubwa na tenki mbili za mafuta, kwa sababu kila kilo ya chuma inaondoa kilo ya mzigo unaolipiwa.

Tukishajua ni tani 50, tunaweza kuzungumza kuhusu nguvu. Hapa ndipo hela nyingi inapotea. Chukua mlima wa asilimia 5 (kila mita 100 unapanda mita 5) wenye urefu wa kilomita 8. Kuupanda na tani 50 kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa kunadai karibu nguvu za farasi 260 kwenye tairi. Injini ya farasi 380 itaupanda mlima huo kwa kama kilomita 32 kwa saa, ya 420 kwa kama 35 au 36. Piga hesabu ya muda: ni dakika moja na nusu hivi. Mtu anaongeza mamilioni ili afike juu ya Kitonga, ule mlima wa njia ya Iringa, dakika moja na nusu mapema, halafu anakaa siku tatu kwenye foleni ya mpaka.

Sisemi ununue injini dhaifu. Chini ya farasi 360 kwa tani 50 dereva ataikamua injini kutwa nzima, na injini inayokamuliwa hukanyagiwa mafuta na kufa mapema. Kati ya 380 na 440 inatosha kwa njia yetu. Zaidi ya hapo, kama zile Scania V8 za lita 16, unanunua sauti. Ni sauti nzuri, nakubali.

Difu ndiyo inayokula

Difu ni gia za ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu kwenye tairi, na kila difu ina reshio yake: propela shafti (mhimili unaotoka kwenye giaboksi) inazunguka mara ngapi ili tairi izunguke mara moja. Kuna 3.07, kuna 3.42, kuna 4.11, na kwenye hosi zilizotoka kwenye familia ya tipa kuna hata 5.73. Namba hii inaamua mafuta yako kuliko jina lililoandikwa mbele ya kabati.

Tairi ya 315/80R22.5 inazunguka kama mara 406 kwa dakika ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wa malori kisheria hapa Tanzania. Gia ya mwisho ikiwa ni moja kwa moja, yaani propela shafti inazunguka sawa na injini, difu ya 3.07 inaipa injini mizunguko 1,250 kwa dakika. Difu ya 4.11 inaipa 1,670. Difu ya 5.73 inaidai zaidi ya 2,300, yaani gari haitafika 80 kabisa, kwa sababu injini nyingi za namna hiyo mwisho wake ni 2,200. Na injini kubwa ya dizeli hula vizuri zaidi ikiwa kati ya mizunguko 1,100 na 1,400. Ukiipandisha hadi 1,700 tambarare yote ya kutoka Chalinze mpaka Mikumi, unachoma dizeli bila kupata mwendo wala mzigo wa ziada.

Huna haja ya kuchungulia chini ya gari. Omba kuendesha, weka gia ya mwisho, shika 80, soma geji ya mizunguko. Ikisema 1,200 hadi 1,400, endelea na mazungumzo. Ikisema 1,600 na kwenda juu, hiyo ni gari ya machimbo au ya barabara mbovu. Inaweza kuwa nzuri sana kwa kazi hiyo, lakini kwa Tunduma itakufilisi. Njia hii inakupa jibu hata kama giaboksi ina gia ya mwisho yenye kasi zaidi, maana geji inaonyesha jumla ya yote.

Kuna pia suala la difu moja au difu mbili, yaani ekseli moja ya nyuma inasukuma au zote mbili. Difu mbili inavuta vizuri kwenye tope na mchanga, na kama unaingia mashambani au kwenye barabara za Kongo zisizo na lami huna ujanja. Kwa lami tupu, difu ya pili ni chuma kizito kinachozungushwa bure. Tena hosi ya difu moja yenye ekseli ya kunyanyua inarudi tupu ikiwa imeinua tairi nne hewani. Wafanyabiashara wengi wananunua difu mbili "kwa usalama", wakati gari haitatoka kwenye lami maisha yake yote. Jiulize kwa ukweli.

Injini: nani ataifungua?

Injini zote nitakazotaja zinaweza kutembea kilomita laki nyingi zikitunzwa. Kwa hiyo neno "imara" kwangu lina maana finyu: ikiharibika, inalala siku ngapi?

Scania za lita 12, zile za mfululizo wa nne ulioanza 1995 na za P na R zilizofuata 2004, zina kitu kimoja ambacho mafundi wetu wanakipenda: kila silinda ina hedi yake. Gasketi moja ikiungua, fundi anafungua hedi moja, anainyanyua kwa mikono na msaidizi wake, anafunga. Nimeona kazi hiyo ikifanyika chini ya mwembe. Injini hiyo pia ina kichujio cha oili kinachozunguka kwa kasi na kubandika masizi ukutani mwake. Zima injini ikiwa ya moto, nyamaza, utasikia mvumo mwembamba ukififia kwa sekunde kadhaa. Usipousikia kabisa, muulize mwenye gari mara ya mwisho kilisafishwa lini.

Ila kwenye Scania hizohizo soma nozeli. Zipo zenye PDE na zipo zenye HPI, aina mbili za mfumo wa kuingiza mafuta kwenye silinda, na ile ya farasi 420 ya Euro 3 (Euro ni viwango vya Ulaya vya moshi wa injini) mara nyingi ni HPI. Nozeli za HPI zinapimiwa mafuta kwa presha, hivyo maji, uchafu au hewa kidogo tu kwenye njia ya mafuta huzisumbua, na si kila fundi ana kifaa cha kuzirekebisha. Dereva wako akiwa na tabia ya kujaza dizeli ya vidumu barabarani, HPI itakuadhibu wewe, si yeye. Mwambie fundi asome kibao cha injini kabla ya bei.

Volvo FH ya tangu 1993 yenye D12, na baadaye D13, ni injini ya kimya na ya kudumu. Hedi yake ni moja kwa silinda zote sita, na kamshafti, mhimili unaofungua vali, iko juu yake. Haisumbuki mara kwa mara, lakini siku ikisumbuka unahitaji winchi, sehemu safi, na fundi anayejua mpangilio wa kukaza boliti. Ukiwa na gereji yako au mkataba na gereji yenye vifaa, Volvo ni chaguo zuri. Ukitegemea fundi wa kando ya barabara, fikiria mara mbili.

Mercedes Actros za kwanza, kuanzia 1996, zina V6 ya lita 12 iitwayo OM501. Nayo ina hedi mojamoja, na kila silinda ina pampu yake ndogo ya mafuta kando ya bloku, hivyo pampu moja ikifa unaibadilisha peke yake. Axor, nayo ya Mercedes, ina injini ya OM457, silinda sita kwa mstari, rahisi zaidi kufikika. Angalizo langu ni kwenye Actros zenye gia za kupunguza mwendo ndani ya habu za tairi za nyuma. Hizo ni za kazi ngumu, na ndizo utakazokuta mizunguko iko juu ukiwa 80.

HOWO, hosi ya Kichina, watu wanaidharau mbele za watu kisha wanainunua kimyakimya. Injini yake ya WD615, lita 9.7, farasi 371, asili yake ni ufundi wa Steyr wa Austria ambao Wachina waliununua leseni yake miaka ya 1980. Zile za Euro 2 zina pampu ya mafuta ya kimekanika, hazina kompyuta ya kukugomea, na spea zake ni za bei ndogo. Kinachoiharibia jina kwenye mafuta mara nyingi ni difu ya tipa iliyofungwa kwenye hosi. Ukipata yenye difu ya barabara, na hukimbizi siku za mzigo wa haraka, hesabu yake inaweza kukubali. Lita 9.7 kwa tani 50 lakini ni kazi kubwa. Itachoka kabla ya injini ya lita 12, na hilo liweke kwenye bei.

Kuhusu Euro 5 zinazotumia AdBlue, maji maalumu ya kusafisha moshi: injini zenyewe hula mafuta vizuri. Tatizo ni kwamba maji hayo yakiisha, kompyuta inapunguza nguvu, na huko mbele ya Mbeya si kila sheli inayo. Nyingi utakuta mfumo umeshazimwa. Uliza nani aliichezea kompyuta na kama programu ya zamani ipo. Mwenye gari akijibu kwa kucheka, shusha bei.

Siku ya kukagua

Mwambie muuzaji utafika alfajiri na injini isiwashwe. Ukifika, weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ya vuguvugu, mtu ameamka kabla yako, na kuna sababu.

Iwashwe ikiwa baridi. Moshi mweupe wa dakika chache si neno. Ukiendelea kutoka na unanuka dizeli, nozeli au kompresheni ina shida. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ukikanyaga ina maana mafuta mengi au hewa kidogo: filta imeziba, bomba la turbo limepasuka, au nozeli zinamwaga. Mweusi ndio wa bei nafuu katika hao watatu, kwa kawaida.

Injini ikinguruma polepole, fungua mfuniko wa oili na uuegeshe ukiwa umegeuzwa juu ya tundu. Ukicheza kidogo ni kawaida. Ukirushwa, ringi zimekwisha na wewe unanunua oveholi. Toa dipstiki, dondosha tone moja kwenye gazeti: oili nzuri inakaa mahali pake, oili iliyochanganyika na dizeli inatambaa na kuacha duara la mafuta jepesi. Kiwango cha oili kinachopanda chenyewe ni dalili ileile. Halafu fungua tenki la maji kabla hayajapata moto. Mapovu yanayoendelea bila kukoma yanasema gesi ya silinda inaingia kwenye maji, na utando wa oili juu yake unasema kipozea oili kimetoboka.

Baada ya hapo, usikubali kuendesha hosi tupu. Hosi tupu zote ni nzuri. Dai ifungwe tela lenye mzigo na upande nayo, kwa Dar angalau kutoka Ubungo kupandisha Kimara hadi Mbezi. Hapo utaona kama joto linapanda, kama turbo inaitika, na kama gia zinaruka. Ukifika juu, acha injini ingurume taratibu ikiwa ya moto na uangalie presha ya oili. Injini iliyochakaa beringi hushikilia presha ikiwa baridi na kuiangusha ikiwa ya moto, ndiyo maana wauzaji wengi hupenda ukaguzi wa dakika kumi.

Kwa nini nasisitiza joto? Kwa sababu njia yetu ina mtego. Unashuka kwenye bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni, joto la mchana ni kali, na bila kupumzika unaanza Kitonga. Rejeta iliyoziba nusu itakuwa imekubeba vizuri kutoka Dar hadi hapo, halafu inakusaliti ndani ya kilomita chache. Hedi nyingi zilizopasuka kwenye daftari langu zimeanzia sehemu hiyo.

Mwisho wa ukaguzi, lipia fundi mwenye kompyuta. Kwa Scania programu inaitwa SDP3, kwa Mercedes ni Star Diagnosis, kwa Volvo ni Tech Tool. Usiridhike na orodha ya makosa. Yanafutwa kwa kubonyeza. Omba kumbukumbu za uendeshaji: jumla ya kilomita, saa za injini, wastani wa mafuta, muda iliosimama ikinguruma. Kilomita za dashibodi zinarudishwa nyuma kila siku, lakini kuzirudisha pamoja na saa za injini na wastani wa mafuta ili vyote vipatane ni kazi ngumu. Gari yenye saa nyingi na kilomita chache imekaa ikinguruma, na injini ya lita 12 inakunywa lita 2 hadi 3 kwa saa ikiwa imesimama.

Kupima mafuta kwa haki

"Inakula vizuri" si kipimo. Jaza tenki mpaka shingoni, piga picha odomita, beba mzigo unaojulikana, rudi kwenye sheli ileile, pampu ileile, jaza tena mpaka shingoni. Lita ulizoongeza ndizo zilizotumika. Safari moja haitoshi, kwa sababu upepo, foleni na dereva vinabadilika.

Kwa hesabu ya karibu, Dar hadi Tunduma ni kilomita 930. Hosi iliyopakia tani 50 ikienda kilomita 2 kwa lita inatumia lita 465. Ikienda 2.3 inatumia 404. Tofauti ni lita 61. Kwa bei ya shilingi 3,000, kwa urahisi wa hesabu, ni shilingi 183,000 kwa kwenda tu. Weka bei halisi ya EWURA (mamlaka inayopanga bei za mafuta), inayotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kisha zidisha kwa safari zako za mwaka. Namba utakayopata ndiyo unayoweza kuongeza kwenye bei ya gari yenye difu nzuri bila kupata hasara.

Sasa neno la uchungu. Sehemu ya "ulaji" wa gari nyingi uko kwenye vidumu. Muuzaji akikuonyesha kumbukumbu zake za mafuta, linganisha na wastani wa kompyuta. Kompyuta ikisema 2.2 na daftari likisema 1.8, gari haina kosa. Kuna mtu anauza dizeli njiani, na ukinunua hosi hiyo pamoja na dereva wake, umenunua vyote viwili.

Tairi nazo nilizipuuza kwenye maelezo haya ila haziko ndogo: kwa tani 50 kwenye 80, tairi zinadai nguvu kubwa kuliko upepo unaopiga kabati. Kabla ya kununua ile kofia ya plastiki ya juu ya kabati, nunua geji ya upepo wa tairi na hakikisha ekseli za tela zimenyooka.

Ukishalipa, linganisha namba ya injini na ya chesisi na kadi ya gari kabla hosi haijaondoka kwa muuzaji. Kisha badilisha oili zote, za injini, giaboksi na difu, na filta zote, hata ukiambiwa zimebadilishwa juzi. Safari ya kwanza usiipangie mzigo wa haraka wa kupita mpaka. Itume Mbeya na mzigo usiooza, fundi akiwa kwenye kiti cha abiria, na umwambie asimame Mbuyuni kabla ya Kitonga aangalie maji na oili, kisha akupigie akiwa Ilula.